Wapiga fidla wenye watoto: msimtume mtoto mazoezini, kaeni naye

Fidla_Ngambo (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Kila mara naona humu wazazi wakiulizia mwalimu wa fidla (vayolini), na maswali huwa mawili: somo bei gani, na chombo bei gani. Sijaona anayeuliza ni nani atakaa na mtoto zile siku ambazo mwalimu hayupo. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza. Nataka tulizungumze kwa kirefu, khasa sisi ambao fidla ndiyo inayotulisha na huku nyumbani tuna watoto wanaotaka kujifunza.

Mie ni mpiga fidla, Unguja. Napiga kwenye kilabu cha taarab, napiga harusini, jioni napiga hotelini kunapokuwa na wageni, na Idd ikiingia ndiyo hatuna kulala. Wanangu wawili wanajifunza, mkubwa na mdogo wake wa kike, na alasiri wanakuja watoto wa majirani wakishatoka chuoni (madrasa). Nafundisha kwa nilichopokea kilabuni kwa wakubwa zangu, na kwa nilichokiona kinawafaa watoto.

Tatizo letu wanamuziki ni hili. Umerudi saa nane za usiku, umepiga tangu isha, sikio limechoka. Alasiri yake mtoto anashika fidla na sauti ya kwanza ni ule mkwaruzo. Sikio la kazini linaamka palepale na mdomo unalifuata: umeshuka, upinde umekwenda upande, kiwiko, kidole, rudia. Mwenzako wa kilabuni ukimwambia "umeshuka" anapandisha kidole, mnaendelea. Mtoto wa miaka sita ukimwambia hivyo mfululizo, anachosikia ni kwamba babake hapendezwi naye. Wiki chache tu na tumbo litaanza kumuuma kila ikifika alasiri.

Wengine, kwa kulikimbia hilo, wanamtuma: "Nenda chumbani kafanye mazoezi nusu saa." Ataingia, atapiga wimbo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, atakosea palepale alipokosea jana, atalirudia lile kosa mpaka nusu saa iishe, na atatoka kosa limemkaa vidoleni. Kufanya mazoezi peke yako ni ujuzi mkubwa wenyewe. Wapo watu wazima wenye majina yao ambao hawana ujuzi huo. Mtoto ataupata wapi?

Mie nakaa naye. Simu inabaki chumba kingine. Dakika kumi kwa mdogo, ishirini au zaidi kidogo kwa mkubwa, kila siku baada ya sala ya alasiri, kabla sijaanza kujitayarisha kwenda kazini. Siku ya kazi ya mapema tunafanya dakika tano, lakini tunafanya. Dakika kumi za kila siku zinamjenga mtoto kuliko saa mbili za Jumapili, kwa sababu mwili wake unajifunza kwa kurudia akiwa bado hajachoka.

Tunaanza na wimbo anaoujua, tena anaoupenda. Halafu jambo moja tu. Fidla inawapa watoto tabu kwa sababu mikono miwili inafanya kazi zisizofanana hata kidogo: wa kulia unavuta mwendo mpana, wa kushoto unatafuta mahali padogo kama upana wa ukucha. Ukisahihisha yote kwa pamoja hashiki hata moja. Leo upinde tu, kwenye nyuzi wazi, bila kidole. Kesho vidole tu, akidonoa nyuzi bila upinde. Na siku ya upinde, hata sauti ikishuka, nanyamaza. Kwa mwanamuziki kunyamaza huko ni kuzito kuliko kupiga taksim, ule upigaji wa peke yako wa kubuni palepale, mbele ya ukumbi uliojaa, lakini lazima ujizuie.

Kushika upinde tunaanzia kwenye penseli. Kidole gumba kimekunjwa, kile kidogo kimesimama juu kwa mviringo. Penseli haina uzito wala haitoi sauti, na anaweza kuishika hata akisubiri chakula. Upinde ukianza kuteleza kuelekea shingoni mwa fidla, sababu mara nyingi ni kwamba anarudisha kiwiko nyuma. Msimamishe pembezoni mwa ukuta, mkono wa juu uguse ukuta, avute kwa kufungua kigasha tu. Ukuta unamsahihisha bila neno lolote kutoka kwako, na kwa mtoto aliyechoka kusikia sauti ya mzazi hiyo ni nafuu kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo naliamini kwa dhati: mtoto akusikie ukifanya mazoezi yako. Watoto wetu wanatuona jukwaani na kanzu iliyonyooka, wanadhani mambo yamekuja hivyo hivyo. Mwanangu hulala pembeni ya mkeka huku mie narudia polepole kipande kifupi cha bashrafu, muziki wa ala usio na maneno, nasimama, narudi nyuma, nakitazama kidole, narudia tena. Siku akikwama yeye, anajua kwamba kukwama ni sehemu ya kazi ya baba pia.

Karibuni. Wenye watoto, wenye kufundisha, na wenye kupinga.

---

Mama_Wawili_Nai

Mwalimu, asante sana kwa huu uzi. Mimi niko Nairobi, si mwanamuziki, nafanya kazi ya uhasibu. Kijana wangu ana miaka tisa, anacheza vayolini shuleni na anajitayarisha kwa mtihani wa ABRSM (bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki), gredi ya pili. Tangu waanze hizo nyimbo tatu za mtihani, nyumba yetu haina amani. Nikifika kutoka kazini ni usiku, yeye amemaliza homework amechoka, mimi nimechoka na msongamano wa barabarani, na hapo ndipo tunafungua vayolini. Tunaishia kulia, wakati mwingine wote wawili.

Unasema tukae nao. Mimi noti sisomi. Nikikaa pale nitamsaidia na nini?

---

Fidla_Ngambo

Dada yangu, pole kwa hizo jioni. Kutojua kwako noti kunaweza kukusaidia, kwa sababu huna uwezo wa kumkosoa kila sekunde. Wewe kazi yako iwe maswali. Muulize: wapi panakushinda? Akuoneshe kwa kidole kwenye karatasi. Mwambie: basi leo tupige hapo tu, polepole. Akimaliza muulize: hii ya sasa na ile ya kwanza, ipi ilikuwa safi, na umefanya nini tofauti? Mtoto wa miaka tisa akilijibu swali hilo kwa maneno yake, ameanza kujifunza namna ya kufanya mazoezi, na huo ndio urithi utakaobaki hata akibadilisha mwalimu.

Yule mwalimu wa fidla wa Kijapani, Shinichi Suzuki, aliyezaliwa 1898 na kufariki 1998, aliwataka wazazi wahudhurie somo pamoja na mtoto, na mara nyingi mama alishikishwa fidla kwanza, ajue ilivyo kazi kusimama na kile chombo shingoni, ndipo mtoto aanze. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto hushika muziki namna anavyoshika lugha ya kwao: anasikia sana, anaiga, anasifiwa kwa neno moja moja, na kusoma kunakuja baadaye. Mwombe mwalimu wa shule siku moja akufundishe wewe kushika upinde na kupiga uzi mmoja wazi. Utakaporudi nyumbani utamwonea kijana wako huruma ya kweli.

Kuhusu saa: usiku baada ya homework ni saa mbaya kuliko zote. Kama kuna dada wa nyumbani au bibi, akae naye mara tu akitoka shule, kabla ya daftari kufunguliwa. Si lazima awe wewe. Lazima awe mtu mzima aliyetulia na anayemsikiliza.

Na mtihani. Sina ugomvi nao. Lakini mtoto akipiga nyimbo tatu tu kwa miezi kadhaa, muziki wote duniani kwake umekuwa nyimbo tatu. Kila siku, mwisho wa mazoezi, aufungue wimbo wowote anaoupenda, wa kanisani, wa redioni, na autafute kwa sikio bila karatasi. Usimsahihishe hapo kabisa.

---

Kijana_Temeke

Wakuu, nauliza kwa nia njema. Kwa maisha ya sasa, dogo akijua fidla anapata nini? Singeli na bongo fleva zinatengenezwa kwenye kompyuta. Hata taarab yenyewe siku hizi ni kinanda. Si bora umpeleke akajifunze kutengeneza biti?

---

Fidla_Ngambo

Swali la haki, ndugu yangu. Ni kweli, tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa ilipotawala, kinanda kimoja kilichukua nafasi ya safu nzima ya fidla, na wapiga fidla wengi walikosa kazi. Sitakudanganya kwamba mwanao atatajirika.

Lakini kazi ipo. Kilabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na taarab yao bila fidla haisimami. Kidumbak, ndugu mdogo wa taarab, harusini ni fidla moja inayoongoza watu wacheze mpaka wachoke. Chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) kilipofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, vijana walianza kujifunza darasani kile ambacho zamani ulikipata kwa kukaa karibu na mzee mmoja kwa miaka, na baadhi yao leo wanapiga na wanafundisha. Kuna makanisa, kuna hoteli, kuna studio zinazotafuta sauti ya kweli ya nyuzi juu ya biti hizo hizo. Mtoto anayejua kusikiliza kwa makini hatashindwa kutengeneza biti pia.

Tena wengi ninaowafundisha hawatakuwa wanamuziki, na sioni hasara. Wazazi hawapeleki watoto mpirani kwa sababu wote watachezea timu ya taifa.

---

Chelo_Upanga

Mwalimu Fidla, heshima kwako. Mimi nafundisha nyuzi Dar, darasa zima kwa pamoja, watoto kama ishirini wa umri mchanganyiko. Nakubaliana na mengi, ila nina mawili.

La kwanza, sisi tunabandika utepe kwenye shingo ya chombo kuonesha pa kuweka kila kidole. Bila utepe, darasa la ishirini ni vurugu. Nimesikia walimu wa taarab hamtaki utepe kabisa. Kwa nini?

La pili, kukaa na kila mmoja haiwezekani kwangu, na wazazi wengi wa hawa watoto hawapo nyumbani kabla ya saa mbili usiku. Ushauri wako unawafaa wenye nafasi.

---

Fidla_Ngambo

Maalim, karibu sana, nilikuwa namsubiri mtu wa aina yako.

Utepe. Tuchukue uzi wa Re, mmoja wa nyuzi nne za fidla. Kidole cha kwanza kwa muziki wa Kizungu ni Mi, na utepe wako wa kwanza umekaa hapo. Sasa mtoto huyu huyu nimfundishe Bayati, mojawapo ya maqam (mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu): Re, halafu Mi iliyoshuka robo ya toni, halafu Fa, halafu Sol. Ile Mi ya Bayati haipo kwenye utepe wako, wala haipo kwenye Mi bemoli, ile iliyoshuka nusu toni. Iko baina yao. Mtoto aliyezoea kulenga utepe kwa macho atakwenda kwenye utepe kila mara, na Bayati itageuka kitu kingine. Rast nayo hivyo hivyo, Mi yake na Si yake ziko baina. Kinanda na akodiani ya kawaida hazina sauti hizo. Fidla inazo, kwa sababu shingo yake haina vizuizi, na ndiyo sababu moja kubwa iliyoifanya ipendwe Cairo na kwetu. Ukiibandika utepe kila mahali umeifanya kinanda.

Lakini mtoto anahitaji pa kushika, nakubali. Mie nabandika utepe mmoja tu, wa kidole cha tatu. Kwenye uzi wa Re kidole cha tatu ni Sol, na ule uzi mnene kabisa wa chini ni Sol vilevile, oktava chini yake. Kidole kikikaa sawasawa, uzi mnene unatetemeka wenyewe bila kuguswa. Mwoneshe mtoto autazame. Kidole kikihama kidogo tu, uzi unatulia. Anaona kwa macho yake chombo kinamjibu, na sauti yenyewe inafunguka, inapiga kengele. Kidole cha tatu kwenye uzi wa La kinaita Re, kwenye uzi wa Mi kinaita La. Hizo nguzo zikishasimama, kidole cha kwanza na cha pili vinatafutwa kwa sikio baina ya uzi wazi na nguzo, na vinaweza kupanda au kushuka kulingana na maqam. Darasa la ishirini linaweza kuucheza mchezo huo: nani uzi wake umetetemeka, ainue upinde.

Kabla ya hapo tunaimba. Sauti ambayo mtoto hawezi kuiimba, kidole chake hakitaipata ila kwa bahati. Hapa kwetu nina bahati moja: watoto wanaotoka chuoni wamekulia kwenye kisomo, na wasomaji wengi wanaofuata njia ya Kimisri huanzia Bayati. Sikio limeshafunguka kabla hawajashika fidla.

La pili umenigusa, na una haki. Nilichokiona kinasaidia ni kumpa kila mdogo mkubwa wake. Mkubwa anakaa na mdogo dakika kumi mwanzo wa kipindi, na kazi yake ni moja kama nilivyosema: leo upinde tu. Wakubwa nao wanafaidika, maana huwezi kumwonesha mtu kiwiko huku chako kimekaa vibaya.

---

Mama_Wawili_Nai

Naunga mkono hilo la wakubwa na wadogo. Hapa Nairobi, Ghetto Classics ya Korogocho, iliyoanza 2008, imelelewa hivyo hivyo, waliotangulia wanawafundisha wanaofuata. Wengi wao wazazi hawana nafasi ya kukaa nao, na wamefika mbali.

---

Zeze_la_Babu

Salaam kutoka Dodoma. Nimefurahi mwalimu kutaja kuimba kwanza. Zeze la Kigogo nalo halina alama yoyote shingoni, na linapigwa kwa upinde kama fidla, ila kibuyu ndicho kinachotoa sauti. Babu hakuwahi kutuambia weka kidole hapa. Alikuwa anaimba, anapiga, anaimba, na sisi tunaitikia kwa mdomo mpaka siku anakupa zeze mwenyewe. Watoto wa huku wakipewa fidla mjini wanaambiwa waanze upya kana kwamba hawajui kitu. Walimu, waulizeni kwanza wamesikia nini kwao.

---

Fidla_Ngambo

Ahsante mzee wangu. Hilo naliandika na kwangu.

---

Ibn_Pemba

Maalim, naomba nikukumbushe kwa upendo. Kisomo cha Qur'ani kina heshima yake, na sipendi kukiona kinatajwa kama maandalizi ya fidla. Na wako wazazi ambao wana wasiwasi na ala zenyewe. Unawajibu nini?

---

Fidla_Ngambo

Ndugu yangu, nimekusikia, na nashukuru umelisema kwa adabu. Sichukui aya kufundishia, na sitathubutu. Nilichosema ni kuhusu sikio la mtoto aliyelelewa hapa, basi.

Kwa wenye wasiwasi na ala, hukumu waulizwe masheikh wao, mie si mtu wa kutoa fatwa jukwaani. Mtoto ambaye mzazi wake hajaridhika simpokei, hata akija mwenyewe mlangoni akililia fidla. Na kwangu utaratibu unajulikana: chuo kwanza, fidla baadaye, na Ramadhani ala zinafungwa mpaka Idd. Mwezi huo nautumia kutengeneza vyombo, na watoto wanaopenda wanakaa nami kubadilisha nyuzi na kufuta vumbi la rezini, ule utomvu mkavu unaopakwa upinde.

---

Binti_Matrah

Habari kutoka Muscat. Bibi yangu alizaliwa Unguja, na nyumbani bado tunasikiliza taarab. Huku watoto wanaona mbele yao Waomani wapiga fidla, maana Royal Oman Symphony Orchestra iliundwa 1985 kwa vijana wa hapa hapa, na tangu nyumba ya opera ifunguliwe 2011 tunawapeleka watoto kusikiliza.

Binti yangu ana miaka saba. Babake amenunua fidla kubwa kamili akisema atakua nayo. Mwalimu amekataa kuanza. Tufanyeje? Na kuna namna ya kuitunza kwenye joto la huku? Vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza kila siku.

---

Fidla_Ngambo

Bi Mkubwa, mwalimu wako yuko sawa, mshikilie huyo.

Fidla ya watoto inapimwa kwa mkono. Mtoto aweke fidla begani, anyooshe mkono wa kushoto pembeni yake, na kichwa cha fidla kisivuke kifundo cha mkono, au angalau vidole vyake viweze kukizunguka kile kichwa na kiwiko kikiwa kimekunjika kidogo. Kikivuka, chombo ni kikubwa. Umri wa miaka saba wengi wanaangukia robo au nusu, lakini pima mkono, achana na umri. Jina "nusu" lisikubabaishe: kiwiliwili cha fidla kamili ni sentimita 35.5 hivi, na cha nusu ni kama 31. Hizo sentimita chache ndizo zinazoamua kama mkono utanyooka kwa maumivu au utakaa kwa raha. Mtoto kwenye fidla kubwa anainua bega, anabana shingo, kidole kidogo hakifiki, na baada ya mwaka ana tabia mbaya za mwili ambazo mwalimu atatumia miaka kuziondoa. Ile kubwa ifungeni kabatini, itafika siku yake, pengine akiwa na miaka kumi na moja au kumi na mbili. Kwa sasa kodisheni au mnunue iliyotumika kwa mzazi ambaye mwanawe ameshakua. Fidla ndogo hazichakai, watoto wanazihama tu.

Mkipata, itazameni nyuzi zilivyo juu ya shingo. Fidla nyingi za bei nafuu zinatoka kiwandani na daraja (kile kibao kinachoinua nyuzi) refu mno, na mtoto anabonyeza nyuzi mpaka ncha za vidole zinawaka. Kwenye fidla kamili iliyowekwa vizuri, mwisho wa shingo upande wa daraja, uzi mwembamba uko juu kama milimita tatu na nusu na mnene kama tano na nusu. Ndogo zinashuka zaidi. Fundi anapunguza daraja kwa muda mfupi, na mtoto aliyekuwa anachukia chombo anakipenda wiki hiyo hiyo. Wazazi wengi wanadhani mtoto mvivu kumbe daraja ndilo lenye makosa.

Vigingi: hewa kavu inavifanya vinywee, vinateleza. Hewa ya unyevu inavivimbisha, vinaganda, kama huku kwetu wakati wa masika. Kikiteleza kitoe, kipake chaki kidogo pale kinapogusa mbao, kirudishe huku unakisukuma kwa ndani unapokizungusha. Kikiganda, sabuni kavu kidogo. Huko kwenu kwenye kiyoyozi ndani na joto kali nje, chombo kinateseka kwa kubadilishiwa hali, kwa hivyo kikae chumba kimoja, mbali na mdomo wa kiyoyozi. Na kwenye gari lililoegeshwa juani msikiache hata dakika chache, gundi ya fidla inaachia kwa joto.

Mkibadilisha nyuzi, mbadilishe mmoja mmoja. Ndani kuna kijiti kilichosimama kwa mbano tu bila gundi, na nyuzi zote zikitoka kwa pamoja kinaanguka, na si kazi ya kila mtu kukisimamisha. Upinde ulegezwe kila baada ya mazoezi. Kesi ifunguliwe mara kwa mara iingie mwanga, kuna vidudu vinakula zile nywele za farasi kwenye giza.

---

Chelo_Upanga

Nimejaribu lile la uzi kutetemeka na darasa langu leo. Vurugu ya furaha. Kuna mtoto mmoja ambaye huwa hasemi kitu, amekaa na Sol yake mpaka kengele ya mwisho.

Swali la mwisho kwangu: ni wakati gani unawatoa watoto mbele za watu? Na kwenye kazi zako unawachukua?

---

Fidla_Ngambo

Umenifurahisha leo, maalim.

Mapema kuliko walimu wengi wanavyodhani, lakini kwa kazi ndogo. Taarab inatusaidia hapa. Mwimbaji akimaliza ubeti, fidla zote zinajibu kipande kile kile kwa pamoja, na kinarudi kila baada ya ubeti. Mtoto anaweza kujua jibu hilo moja tu, na akawa mpigaji wa kweli usiku ule. Ubeti ukiwa unaimbwa anashusha fidla, anasikiliza, anasubiri zamu yake. Kusubiri zamu bila kupotea ni nusu ya kazi ya kilabuni, na chumbani peke yake hawezi kujifunza hilo.

Kwanza namleta kwenye mazoezi ya kilabu, akae nyuma ya fidla ya mwisho, bila upinde. Avisikie vyombo kwa ndani, aone wakubwa wanavyotuni, aone nani anamtazama nani wimbo unapotaka kwisha. Akishakuja mara kadhaa na bado anataka, anapewa upinde na lile jibu. Wazee wa kilabuni wana subira na watoto kuliko sisi wazazi wao, na neno moja la mzee linamkaa mtoto mwezi mzima.

Harusini namchukua kama ni mchana au jioni ya mapema, na kama mwenye shughuli amekubali. Hotelini simchukui, watu wanakula na wanaongea, na mtoto anapoanza anahitaji kusikilizwa. Kesho yake mchana sisahihishi chochote, namuuliza tu alisikia nini.

Mkubwa wangu sasa anapiga jibu la nyimbo tatu, na nyumbani ameanza kumkalia mdogo wake siku nikichelewa. Akiwa kilabuni, saa tatu mama yake anakuja kumchukua, hata kama bashrafu haijamalizika. Asubuhi kuna skuli.